Samaki wa Shangazi na Kikombe Changu

Uvumilivu wangu uliisha sebuleni kwa shangazi, Haydom, asubuhi ya siku ya kazi, mwanangu akiwa mgongoni. Hakuna aliyenitukana. Nilikuwa nimemwamkia, ameitikia, amepokea mayai niliyomletea kutoka kwangu Dongobesh, na sasa alikuwa ananionyesha samaki wake mpya. Alikuwa mmoja tu, wa bluu, mapezi yanaburuzika kama gauni la bibi harusi, ndani ya tangi la kioo juu ya meza ya televisheni. Nusu ya tangi ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Kaletwa jana kutoka Arusha," shangazi aliniambia kwa sauti ya chini, kama tuko wodini. "Brayan kanitumia. Si unajua mwanangu anavyonikumbuka. Huyu anaitwa beta. Ukiwasha taa zote anapata hofu."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mtoto wa kike na ndoo. Alikuwa na miaka saba au minane hivi. Maji yalimwagika kidogo sakafuni.

"We Regina! Taratibu na hiyo ndoo! Unamshtua, bado anazoea."

Mtoto akaniamkia, nikaitikia. Nikamuuliza shangazi huyu ni wa nani.

"Wa marehemu Petro, yule ndugu yetu wa Bashay. Nimemchukua nimsaidie."

"Leo si siku ya shule?"

"Ataanza," shangazi alisema, huku anainama kumchungulia samaki. "Bado anazoea."

Pumzi ileile, maneno yaleyale. Nikageuza uso ili asinione, na macho yangu yakatoka kwa mlango wa nyuma ambao mtoto alikuwa ameuacha wazi. Kwenye ukuta wa jiko la nje kulikuwa na msumari. Kwenye msumari kulikuwa na kikombe cha plastiki, cha bluu, kimening'inia peke yake.

Niliinuka. Nilitoka, nikakitoa kikombe, nikarudi nacho ndani. Nikafungua kabati la vyombo, lile la vioo ambalo watoto hawaruhusiwi kuligusa, nikakiweka katikati ya glasi za wageni.

"We! Unafanya nini?"

"Naweka kikombe na wenzake."

"Hicho si cha humo."

"Kwa nini si cha humo, shangazi? Sema, mtoto asikie."

Alikitoa yeye mwenyewe, akakirusha nje kwa mlango wa nyuma. Nilikisikia kikidunda kwenye zege. Kisha akanigeukia, akanyoosha kidole. "Umekuja kunifundisha kukaa na watu nyumbani kwangu? Mimi? Mimi niliyekulea?"

Niliyekulea. Ngoja niseme alivyonilea. Mliokulia kwa ndugu mtanielewa haraka kuliko wengine.

Mama yangu alifariki akijifungua, yeye na mtoto. Tulikuwa tunakaa Bashay kwa bibi, mama wa baba, na bibi alikuwa mtu wa zamani. Kanisani alikwenda kila Jumapili, mbele kabisa, lakini mambo ya wazee hakuyaacha. Nyumba yetu ikakaa metimani. Wasiotoka huku niwaeleze: msiba wa namna fulani ukiingia nyumbani, nyumba hiyo inajitenga. Hamchoti maji pamoja na majirani. Hamwombi moto. Ng'ombe wenu hawachungwi na ng'ombe wa watu, hampeani mikono na mtu njiani, na kila aliye ndani ana sahani yake na kikombe chake. Hiyo si adhabu, na hakuna anayekuchukia. Jirani anasimama mbali anakupigia kelele kukusalimia, na anakuachia unga kwenye jiwe. Watu wanangoja kifo kipoe. Kikipoa mnanyolewa, mnaoga, mnarudi kwa watu. Siku hizi wengi wameacha, na sisemi walikosea kuacha. Ila mimi niliikuta, na nilipokuwa mtoto niliielewa kuliko nilivyoielewa Biblia.

Siku moja bibi akaninyoa kwa wembe, akanimwagia maji ya dawa yaliyonuka majani, nikalia kwa sababu yalikuwa baridi. Muda si mrefu baada ya hapo baba akanipeleka Haydom kwa dada yake. Nilidhani nimenyolewa kwa ajili ya safari, kwamba mtu akienda mjini hapelekwi na chawa. Hakuna aliyeniambia. Watoto hawaambiwi, wanashikwa tu mkono.

Shangazi alikuwa na duka la vitenge karibu na stendi. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya kung'aa na kochi lenye vitambaa. Jioni ile ile akanipa kikombe cha plastiki na sahani ya bati, akanionyesha msumari kwenye ukuta wa jiko la nje. "Vyako hivi. Usichanganye na vya ndani." Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikala peke yangu, nikasikia wao wanacheka mezani.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifurahi. Naapa. Nilifikiri, kumbe shangazi naye anajua. Kumbe hata mjini, kwenye taa za umeme, wanamheshimu mama yangu. Wageni walipokuja nikaambiwa nisikae sebuleni, nikaona ni sawa, mtu wa metimani haendi kwa watu. Walipotoka kwenda kanisani wote na mimi nikabaki kuangalia nyumba, nikaona ni sawa. Brayan, mtoto wao, tulilingana umri, alikuwa akitaka kucheza nami nasogea nyuma nisimguse. Nilikuwa namlinda. Akawa ananiita "Sogea-huko", ndilo jina alilonipa, na nikaliitikia.

Shule zilipofunguliwa Brayan akaenda na begi jipya. Mwenyekiti wa kitongoji alipita akaniona naanua nguo. "Mama Brayan, na huyu?" Shangazi akacheka vizuri, ana kicheko kizuri. "Huyu bado mgeni, mzee wangu. Katoka kijijini juzi, bado anazoea." Mwenyekiti akanywa chai, akaondoka.

Kisha akaja samaki.

Mume wa shangazi, Baba Brayan, alikuwa dereva wa lori. Akarudi kutoka Arusha na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, ndani yake maji na kitu chekundu kinachoning'inia. Kwetu samaki hakuwa chakula. Bibi alimwita nyoka wa majini, na mtu akila dagaa hakumkaribisha karibu. Kwa hiyo nilimwona samaki hai kwa mara ya kwanza ndani ya mfuko wa nailoni, na nikarudi nyuma.

Baba Brayan alikuwa amefundishwa na aliyemuuzia, na maneno yote aliyashika. Nyumba nzima ikakaa kimya. Maji ya bomba yana dawa, alisema, kwa hiyo tangu jana yake nilikuwa nimeagizwa kwa simu niyachote na kuyaacha kwenye ndoo yalale. Sasa tukayamimina kwenye tangi. Baridi ya huku ingemuua, kwa hiyo nikachemsha maji kidogo, nikayaongeza taratibu, Baba Brayan akichovya kiwiko kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Halafu mfuko wenyewe, ukiwa bado umefungwa, ukaachwa uelee juu ya maji.

"Mbona humtoi?" Brayan akauliza.

"Ukimtupa ghafla anakufa. Aachwe kwanza, maji yake na maji haya yafanane."

Tukangoja. Kisha akafungua mfuko, akachota maji ya tangi kwa kikombe kidogo, akamwongezea ndani ya mfuko, akangoja, akaongeza tena. Kikombe kile akasema kisitumike kwa kitu kingine chochote. Mwisho akamhamisha kwa wavu mdogo, na maji aliyokuja nayo yakamwagwa nje, mbali, yasichanganyike. Taa ikazimwa. Kitambaa kikawekwa. "Leo asipewe chakula. Asiguswe. Asipigiwe kelele. Na akae peke yake, huyu hachanganywi na wengine kabisa."

Mnaona ilivyonijia? Ana kikombe chake. Maji yake hayachanganywi. Haguswi, anakaa peke yake gizani, hali chakula. Nilisimama mlangoni na kidole mdomoni, nikaelewa kila kitu: yule samaki alikuwa metimani. Huko alikotoka wamekufa watu wake.

Tangu siku ile nikawa na mwenzangu. Kazi yake ikawa yangu, shangazi hakutaka kulowesha mikono. Nilimlazia maji, nilimpashia maji, nilimhesabia vidonge vya chakula vilivyokuwa vidogo kama mbegu za mchicha. Nilimbadilishia sehemu ya maji tu, si yote, ili asione ugeni. Sikumsalimia kwa karibu. Nilisimama mbali, kama majirani zetu wa Bashay, nikamwamkia kwa mkono. Alikuwa na tabia ya kupanda juu na kuvuta hewa kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha anashuka. Nilijua anauliza. Nilimjibu kimoyomoyo: bado. Vumilia. Na mimi bado.

Majirani walikuja kumwona. Mama mmoja muuza maziwa, mcheshi, akainamia kioo akasema, "Mama Brayan, huyu mnamnenepesha mpaka lini? Hata kijiko hajai!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi hakucheka. "Huyu si wa kula. Ni wa kutazama, anatuliza moyo." Kisha akaniona nimesimama na ndoo. "Na wewe, umesimama hapo kama mlingoti, unatazamwa na nani?"

Kipupwe kikafika. Mnaoijua baridi ya huku mwezi wa sita mnajua ninachosema, ile inayopita chini ya mlango kama paka. Umeme ukawa unakatika, na samaki akaanza kulala chini ya tangi, rangi imefifia. Nililala jikoni, nina shuka moja zito la bibi, jekundu. Jioni moja nilikwenda nalo sebuleni bila kuitwa, nikalizungushia tangi, nikalifunga kwa nyuma. Shangazi aliniangalia muda mrefu. Nilingoja anipige. Akasema, "Leo umefanya la maana." Ndiyo sifa pekee niliyopata katika nyumba ile, na niliibeba kifuani kama medali. Sikulipata tena shuka mpaka baridi ilipoisha. Nililala ndani ya magunia ya mahindi, na sikumnung'unikia mtu, kwa sababu nilidhani tunasubiri pamoja, mimi na yeye, na mwenye baridi zaidi apewe.

Siku moja nilipata ujasiri. Shangazi alikuwa anasukwa nywele uani, ana furaha. Nikapiga magoti mbele yake.

"Shangazi, metimani ya samaki inaisha lini?"

Msusi akaacha mikono hewani. Shangazi akanitazama, akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi. "Sikia mtoto wa kijijini! Metimani ya samaki! Hapa mjini hakuna mambo hayo, mama. Hapa ni watu wa kanisa." Nikataka kumuuliza na yangu je. Lakini msusi naye alikuwa amekwisha kuanza kucheka, na nikaona aibu, nikarudi kwenye sufuria zangu. Jibu alikuwa amenipa, pale pale, waziwazi. Mimi sikulisikia. Nilijiambia huenda ya samaki ndiyo haipo, yangu ipo.

Aliyenifungua macho ni bibi, na hakukusudia. Aliugua macho, akaletwa hospitali ya Haydom na basi kama watu wote wanavyoletwa, akafikia kwa binti yake. Tulikuwa tumekwishapita mavuno mengine na baridi nyingine. Shangazi akampeleka uani aote jua, akanipigia kelele nilete maji ya kunywa. Bibi akapokea glasi. Hakunywa. Macho yalikuwa mabovu, lakini kikombe kwenye msumari alikiona, na sahani ya bati chini yake. Akaiweka glasi chini polepole.

"Nani amekufa hapa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," shangazi akasema. "Mbona unatisha watu?"

"Basi nani yuko metimani? Mbona hamkuniambia kabla sijaingia?"

 Mimi nikajibu, nikijua nasema jambo la heshima, tena kwa fahari kidogo. "Mimi, bibi. Bado ya mama."

Sitasahau alivyogeuza kichwa kunitafuta kwa yale macho. Akaninyooshea mikono, nikasogea nyuma, kama nilivyozoea. Akanifuata, akanishika kichwa kwa nguvu. "Wewe nilikunyoa mimi. Kwa mikono hii. Nilikuosha, ukatoka. Ulikuja hapa umeshatoka." Akamgeukia binti yake, na sauti yake ikawa ndogo. "Huyu mtoto mmemtenga kwa kifo gani?"

Hapakuwa na kifo. Hilo ndilo nililolielewa nikiwa nimeshikwa kichwa uani. Ilikuwa sahani tu, na kikombe tu, na mtu ambaye hawakutaka midomo yake kwenye glasi zao. Hapakuwa na siku iliyokuwa inakuja. Nilivumilia kitu ambacho hakikuwa na mwisho kwa sababu hakikuwa na sababu, na nilikivumilia kwa heshima ya mama yangu. Hapo ndipo ninapomchukia shangazi kuliko pengine popote. Kazi nimemsamehe, na baridi nimemsamehe. Msiba wa mama yangu aliutumia bila hata kujua anautumia, kwa sababu hakuniuliza siku hata moja ninafikiri nini.

Bibi alipotibiwa tuliondoka wote. Nilipita sebuleni kuchukua shuka langu. Samaki alikuwa mbele ya kioo, mwekundu, mnene, mapezi yamechanua. Yeye alikuwa amezoea. Walimpa maji yaliyolala, walimpa giza, walimpa kimya, walingoja mpaka maji yake na yao yafanane. Wanajua kukaribisha, msije mkasema hawajui. Nimewaona kwa macho yangu wakifanya, hatua kwa hatua, bila kukosea.

Nilianza darasa la kwanza Bashay nikiwa nimewazidi wenzangu kichwa na mabega. Waliniita shangazi, mjue. Nikasoma mpaka kidato cha nne, na kila darasa nilikuwa mzee kuliko wote.

Kwa hiyo aliposema "niliyekulea", nilimwacha na kidole chake hewani, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Regina alikuwa amejibanza karibu na jiko. Kikombe kilikuwa kimeangukia kwenye majivu, kimepata ufa. Nikakiokota.

"Hiki ni chako?"

"Ndiyo."

"Kwa nini unakunywa peke yako?"

Akatazama miguu yake. Alijibu kwa adabu, kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo mgeni angepaswa kulijua.

"Baba amekufa. Bado sijanyolewa."

Sikulia. Nilikaza mbeleko, nikakitia kikombe kwenye mkoba. Shangazi alikuwa mlangoni anasema nisilete mambo ya ukoo barabarani. Nikaenda moja kwa moja mpaka ofisi ya ustawi wa jamii, nikakaa kwenye benchi mpaka nikaitwa.

Afisa alikuwa kijana, mpole, simu mkononi. "Dada, haya mambo ya ndugu mkikaa kikao cha ukoo yanaisha."

"Kikao cha ukoo ndicho kilichompeleka pale."

"Mtoto anapigwa?"

"Sijui."

"Ananyimwa chakula?"

"Anakula."

"Sasa unalalamikia nini hasa?"

Nikakitoa kikombe, nikakiweka mezani, majivu yake na ufa wake. "Kinakaa kwenye msumari, nje. Peke yake. Na mtoto anasema anangoja kunyolewa."

Ni kijana wa huku, nilimsikia kwenye matamshi. Alikitazama kile kikombe. Akaiweka simu kifudifudi. Hakuuliza tena kama anapigwa.

"Andika," alisema, akanisogezea karatasi. Nikaandika hivi, na nakala ninayo:

Nalalamika juu ya mtoto Regina, yatima kutoka Bashay, ambaye anaishi kwa shangazi yangu hapa Haydom, amefikisha umri wa shule na hajaandikishwa. Mlalamikiwa ni dada wa baba yangu wa damu na ninamtaja nikiwa na akili timamu. Naomba mtoto aandikishwe shule wiki hii, na kama nyumba hiyo haiwezi, mimi nipo Dongobesh, nina nafasi na nina vikombe. Naomba pia mtu mzima amwambie mtoto huyo kwamba hayuko metimani, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mkifika nyumbani kwake, mlalamikiwa atawaambia mtoto bado anazoea. Naomba aulizwe mbele yangu, na jibu liandikwe: anazoea nini?